Limekukataa

Mjomba hakuwahi kusema gobole limeharibika. Hakusema fataki, kile kikofia kinachowasha baruti, ni mbovu, wala baruti imepata unyevu. Alikuwa na neno moja: "Limekukataa." Akishalitamka anatoa kikopo chake cha ugoro, anagonga kifuniko mara mbili kwa ukucha, na hapo maongezi yamekwisha. Unabaki umekumbatia mti wako wenye bomba la chuma, mnyama kaenda zake, unajiuliza umelikosea nini.

Nimekataliwa mara nyingi. Niliwinda kwa gobole tangu 1988 mpaka Desemba 1995, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja ambapo kosa lilikuwa la gobole lenyewe. Kulikubali hilo kulinichukua muda, maana mtu akirudi mikono mitupu ana wengi wa kuwasingizia: muuza fataki, hali ya hewa, jirani mwenye jicho baya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepangiwa kijiji kimoja upande wa Kintinku, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pale ambapo treni ikitoka Dodoma inaimaliza tambarare ya Bahi na kuanza kujikokota kupanda kuelekea Saranda. Ndiko kwao mama. Mjomba alikuwa na tembe lake pale, paa la udongo, zizi katikati, na ghala pembeni. Mshahara wangu ulikuwa unakuja kwa mwendo wa treni ile ile ikiwa mlimani. Ugali wa uwele kwa mlenda Jumatatu, kwa mlenda Jumanne, na Jumatano ukiuliza kuna nini unaambiwa leo kuna mlenda. Kwa hiyo nyama ilikuwa habari ya kutangazwa.

Naomba niseme mapema, kwa sababu najua vijana wa mjini wakisikia gobole wanasikia ujangili. Lile la Mjomba lilikuwa na karatasi zake, na kila msimu tulikwenda kukata leseni ya kuwindia, imeandikwa mnyama gani na wangapi. Kanga, digidigi, nsya, na mara moja moja swala pala. Siku hizi sheria zimebadilika sana, kuna TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kuna mipaka ambayo zamani haikuwepo, na sisimulii haya ili uende ukashushe gobole la babu yako darini.

Lenyewe alirithi kwa baba yake. Mtutu wake ulikuwa mrefu kunizidi kifua, na mti wake umefungwa waya wa shaba sehemu mbili. Nilipofundisha historia nilipenda kuwaeleza wanafunzi kwa nini silaha ya namna ile ilidumu huku kwetu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ila za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango. Basi wakati askari wa Mjerumani anapita Ugogo na bunduki inayojazwa kwa nyuma, babu zetu walikuwa bado wanashindilia kwa mdomo wa mtutu. Baadaye gumegume likapisha fataki, lakini kushindilia kukabaki pale pale.

Mara ya kwanza kukataliwa ilikuwa Julai, mwaka wangu wa kwanza. Usiku uliotangulia nililisafisha gobole mwenyewe, kwa bidii ya mgeni. Nilikuwa na kichupa cha oili ya cherehani nilichonunua Dodoma mjini. Niliimimina mdomoni mwa mtutu bila choyo, nikasugua mti mpaka ukang'aa, nikalisimamisha ukutani, kitako chini. Mjomba alipita akaona. Hakusema kitu.

Alfajiri kulikuwa na baridi ile ya kipupwe inayouma masikio. Kabla jua halijapanda tukakuta kundi dogo la swala pala kando ya korongo, chini ya mkwaju. Dume lilikuwa limejitenga, hatua kama arobaini hivi, na upepo unatupiga usoni. Nikaweka fataki, nikakoki, nikalenga nyuma ya bega, nikafyatua.

Ta!

Basi. Fataki ililia kama kijiti kikavu kinachovunjwa, gobole likanyamaza. Pala akainua kichwa akanitazama. Mpaka leo naona kama alikuwa ananingoja nimalize nilichoanza. Nikapachika fataki ya pili. Ta! Hapo akaona hakuna la maana, akaondoka, na wala hakukimbia. Alitembea.

"Limekukataa," akasema Mjomba, akatafuta ugoro.

Tulipofika nyumbani alichomoa bua moja jembamba la nyasi, akalisukuma kwenye tundu la chuchu, yaani kile kinundu cha chuma ambacho fataki huvalishwa juu yake. Bua likatoka linang'aa oili. "Umelinywesha," alisema, "halafu ukalilaza limesimama. Ulitaka mafuta yaende wapi?"

Oili ya jana usiku ilikuwa imeshuka taratibu ndani ya mtutu, ikatua chini kabisa, pale pale baruti inapokaa, na nyingine ikaziba tundu la chuchu. Moto wa gobole una safari fupi lakini ina vituo vingi. Nyundo inapiga fataki, fataki inatema cheche, cheche inapita kwenye tundu jembamba kuliko sindano ya magunia, inapinda kona, ndipo inaikuta baruti. Popote pale njiani ikikutana na mafuta, maji au masizi, inafia hapo. Wewe uliyeshika kitako husikii chochote zaidi ya ile ta! ya mwanzo, na unadhani fataki ndiyo mbovu, kumbe fataki ndiyo peke yake iliyofanya kazi yake.

Tangu siku ile nililisimamisha gobole mdomo chini, juu ya kipande cha gunia, ili mafuta yaliyozidi yatoke kwa njia yaliyoingilia. Na Mjomba akanionyesha jambo ambalo alilifanya kila asubuhi na mimi nilikuwa naliona kama uganga. Kabla ya kushindilia, gobole likiwa tupu, alivalisha fataki, akaelekeza mdomo wa mtutu kwenye majivu ya jana ya jikoni, karibu sana, akafyatua. Majivu yakifumka, njia iko wazi. Yasipotikisika, hatoki nyumbani. Wakati mwingine alipiga mbili, ya kwanza ya kukausha mafuta, ya pili ya kuuliza. Mimi niliona anapoteza fataki, maana zilikuwa ghali na za kutafuta. Yeye aliona mimi napoteza swala pala.

Siku moja nilimsimulia habari niliyoisoma, kwamba huu utaratibu wa kuwasha baruti kwa kitu kinacholipuka kikipigwa, ambao ndio uliozaa fataki, ulianzishwa na mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza yake mwaka 1807. Alikuwa mpenzi wa kuwinda ndege. Bunduki za gumegume zilitoa mwako kwanza ndipo zikalia, na ndege wakiuona ule mwako wanaruka kabla risasi haijafika. Mchungaji akachoka. Mjomba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisikiliza mpaka mwisho kwa makini sana, kisha akasema, "Kumbe hata mchungaji lilikuwa linamkataa."

Nilichokipinga kwa muda mrefu zaidi ni maji. Mjomba aliosha gobole kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Alikuwa anafungua nyundo na mtambo wake na kuviweka pembeni, anatumbukiza upande wa chuchu kwenye sufuria, anasukuma mdeki, ile fimbo ya kushindilia, wenye tambara juu na chini mpaka maji yaliyokuwa meusi kama wino yanatoka meupe. Mimi, mtu niliyesoma, nikaona huyu mzee ataozesha chuma. Nikawa nalisafisha kwa mafuta tu anapokuwa hayupo. Matokeo yake yakaonekana kwa kanga.

Kanga wanataka risasi zaidi ya moja. Wanatua kwa makundi jioni, unapiga, wanaruka hatua hamsini wanatua tena, unashindilia upya unawafuata. Risasi yangu ya kwanza ilikuwa inalia vizuri. Ya pili, mdeki unagoma katikati, inabidi uusukume kwa kifua. Ya tatu, ta! na kimya. Baruti hii nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti, yaani salfa, na ikiungua haimaliziki yote kuwa moshi. Sehemu yake inabaki ndani kama masizi yenye chumvi, na chumvi, kila mama wa nyumbani anajua, inavuta unyevu. Mafuta hayaondoi chumvi. Yanaifunika tu, ikaendelea kula chuma huko chini taratibu, huku wewe unasifu mng'ao wa juu. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Nilipokubali na kuanza kuosha, nikachukua sufuria ya kwanza niliyoiona, na mke wa Mjomba akaikuta na maji meusi yananuka yai viza. Ilikuwa sufuria ya uji. Wiki nzima nilipewa uji wangu wa mwisho, uliopoa, na hakuna aliyenihurumia.

Maji yenyewe lazima yawe ya moto kweli, ili chuma kipate joto na kijikaushe. Halafu tambara kavu, halafu lingine kavu, halafu ndipo mafuta, na hapo kidogo tu, kiasi cha kulainisha kitambaa. Mjomba alitumia mafuta ya kondoo.

Kuhusu baridi na joto sitakaa sana. Ni kwamba gobole lililolala nje kwenye kipupwe ukiliingiza ndani kwenye moto wa kuni linatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho linatokea nje unakoliona na ndani usikoliona. Kwa hiyo lilikaa ghalani, mdomo umezibwa kwa tambara, halina baruti wala fataki. Nililiingiza ndani mara moja tu kwa kuogopa wezi, na asubuhi digidigi alinicheka.

Sasa nifike kwa shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea Oktoba 1991, wakati nchi imekauka kabisa na vimbunga vya vumbi vinazunguka mashambani mchana kutwa. Alikuwa kijana wa mjini, ana maneno mengi, na alitaka kuona uwindaji ili akasimulie. Mjomba siku hiyo alikuwa anaumwa mguu. Tukaenda wawili.

Nsya ni mnyama wa kujiinamia. Anakimbia vichakani kichwa chini, anasimama ghafla, anageuka kukutazama, na huo ndio wakati wako. Tulimwamsha mmoja kwenye vichaka vya mikambala, akafanya vile vile, akasimama. Shemeji alikuwa kushoto kwangu, nyuma kidogo. Nikafyatua. Ta! Kimya.

Nilikuwa nimeshazoea kukataliwa, na mazoea ndiyo yaliyotaka kuniua mtu. Sikungoja hata kidogo. Nilishusha gobole, nikageuka kushoto kumwambia shemeji, "Limeni..." na mtutu ukageuka pamoja nami.

Kwanza nilisikia kama maji yanachemka. Fssss. Halafu likalia.

Moshi wa baruti nyeusi ni mwingi, mweupe, mzito, na kwenye hewa tulivu hauondoki. Niliita, sikujibiwa. Nikaita tena. Moshi ulipopungua nilimwona shemeji amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri kulishwa. Kati ya miguu yake, chini kidogo ya magoti, palikuwa na shimo bichi kwenye ardhi, na katambuga yake ya kulia ilikuwa imepoteza ukanda wa mbele. Aliangalia mguu wa kulia. Akaangalia wa kushoto. Akavihesabu vidole kwa mkono, sisemi uongo, kimoja kimoja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Shemeji, dada yangu amekukosea nini?"

Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Kicheko kilipokwisha nikajaribu kuliokota gobole, mikono ikakataa. Shemeji ndiye aliyelibeba mpaka nyumbani, akiwa ameliweka begani mdomo nyuma, na mimi nikiwa nimeambiwa nitangulie mbele mbali.

Lile halikuwa limekataa. Lilikuwa limechelewa. Cheche ilipita nusu, ikakuta baruti iliyopata unyevu au tundu lililozibwa nusu kwa masizi, ikakaa inafukuta kama kijinga cha moto chini ya majivu, ikapata nafasi ikashika. Wewe uliyeshika huna njia ya kutofautisha gobole lililokufa na gobole linalofikiri. Sauti ni moja. Nikakumbuka yule pala wa kwanza, jinsi nilivyokimbilia kupachika fataki ya pili uso wangu ukiwa juu kabisa ya mtambo, na kijasho kikanitoka miaka mitatu baadaye.

Mjomba hakunigombeza mbele ya shemeji. Usiku aliniita ghalani. "Ukifyatua, lisipolia, umefyatua bado," alisema. "Usishushe. Usigeuke. Endelea kulenga kama vile yule mnyama bado yupo. Sema Baba Yetu mpaka Amina. Halafu iseme tena." Nilikuja kuipima kwa saa ya mkononi: Baba Yetu mbili kwa mwendo wa Mjomba, ambaye alisali kama anavyolima, zinatimiza dakika nzima na kubaki kidogo. Baada ya hapo mdomo unaelekezwa chini mbali na watu, ndipo unagusa fataki.

Niliisema sala ile porini mara nyingi miaka iliyofuata. Mara moja tu gobole lilinikatiza, nikiwa kwenye riziki.

Kuna kukataliwa kwingine ambako hakuna hatari na hakuna cha kujitetea nako. Mwalimu mwenzangu alikuja tukawa tunapiga soga huku nashindilia. Mada ilikuwa uhamisho, na uhamisho ni mada inayompotezea mwalimu akili. Nikapima, nikashindilia kitambaa, nikashindilia kidonge cha risasi, nikashindilia kizibo, nikagonga mdeki mpaka ukaruka. Nikaenda porini. Ta! Nikasali. Fataki nyingine. Ta! Nikasali. Ya tatu. Nilikuwa mcha Mungu kuliko siku zote. Niliporudi Mjomba alilinusa, akatia mdeki, akaniangalia. Sikuwa nimetia baruti.

Ukishazika risasi kavu chini ya mtutu, kuitoa ni kazi. Mjomba alifungua chuchu kwa spana ndogo, akapenyeza baruti kwa chembe chembe, kama anayemnyunyizia mtoto dawa kijikoni, akaifunga tena, akashindilia juu ili kuhakikisha risasi imekaa chini na haijaacha nafasi, akalielekeza kwenye kichuguu. Likalia kikohozi, na kidonge kikaanguka hatua kumi mbele. Watoto waliokuwa wanatazama walikiigiza kikohozi kile mwezi mzima nikipita.

Lakini alipotia mdeki alijuaje kabla ya yote hayo? Ndipo alinionyesha alama. Kwenye mdeki kulikuwa na mikato miwili ya kisu, imechakaa hata usingeiona, ila ukipitisha kidole gumba unaihisi. Mdeki ukizama mpaka mkato wa juu kabisa ukalingana na mdomo wa mtutu, gobole ni tupu. Ukisimama kwenye mkato wa chini yake, limeshindiliwa sawasawa. Ukisimama katikati ya hapo, una risasi bila baruti, yaani ni mwalimu. Na ukisimama chini zaidi ya hiyo mikato yote, ukabaki umechomoza sana nje, usicheze nalo, kwa sababu aidha risasi imekwama njiani ikaacha uwazi juu ya baruti, au kuna mzigo juu ya mzigo.

Kulikuwa na mzee kijiji cha pili ambaye mkono wake wa kushoto ulibaki na kidole gumba na cha shahada. Lilimkataa jioni, akalitundika, akasahau. Siku ya pili akashindilia tena juu ya ule wa jana, na safari hii halikukataa. Mtutu ulifunguka kama ganda la ndizi. Alikuwa akitusalimia kwa huo mkono, nadhani makusudi.

Kwa hiyo sheria ya mwisho ya Mjomba, na ndiyo aliyoisisitiza kuliko zote, ilikuwa hii: gobole lililokataa halilali na mzigo. Hata kama umechoka. Hata kama ni usiku. Unautoa, kisha unapitisha mdeki, na kidole gumba kinausikia mkato wa juu, ndipo unakula.

Desemba 1995 mvua ziliwahi. Barua yangu ya uhamisho kwenda Dodoma mjini ilikuwa imefika, lori la kubeba vyombo litakuja kesho yake asubuhi, na nikataka kuaga pori. Macho ya Mjomba yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho, hakuwa anatoka tena. Nilikwenda peke yangu. Niliwakuta digidigi kwenye njia yao ya kila siku, wawili wawili kama kawaida yao, nikafyatua. Fataki yenyewe haikulia. Nilikuwa nimeziweka kwenye mfuko wa shati, mvua na jasho vikazilowesha. Nikasali Baba Yetu mbili, nikiwa nimelowa chapachapa, wale digidigi wameshafika Singida. Nikaivua fataki, nikarudi.

Nyumbani nilikuta watu. Wazee wamekuja kuaga, kuna kuku, kuna pombe ya mtama, na mke wangu ananiita tufunge magodoro. Nikalitundika gobole ghalani. Nitalitoa mzigo nikishakula.

Asubuhi lori lilipiga honi kabla hakujapambazuka vizuri. Mjomba alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Nikampa mkono, nikamwamkia, akaushika hakuuachia.

"Jana lililia?"

"Lilinikataa, Mjomba."

"Ulilitoa?"

Honi ikapigwa tena.

"Ndiyo, Mjomba."

Akauachia mkono.

Nilikumbuka tulipofika Bahi. Nikajiambia nitarudi Pasaka. Pasaka nikaenda, kulikuwa na msiba jirani, sikuingia ghalani. Kisha nikaanza kujiambia kwamba hapana, nililitoa, nakumbuka kabisa nililitoa. Mtu anaweza kujifundisha kukumbuka kitu chochote.

Mjomba alifariki 2015. Mwaka uliofuata, silaha zilipokuwa zinahakikiwa, familia ilikaa ikaamua lile gobole likabidhiwe polisi, maana hakuna wa kulimiliki. Nikatumwa mimi kwa kuwa nimesoma, na shemeji akajitolea gari. Lilikuwa ghalani pale pale, limeviringishwa kwenye ngozi, limefungwa kamba kwa fundo ambalo sikulifunga mimi. Watoto wa binamu zangu walikuwa wamelelewa kwenye ghala lile. Walichezea humo mvua zikinyesha, walijificha humo wakiwa wamekosa.

Kituoni askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Alituandika majina, akaandika urefu, akaandika waya wa shaba. Akauliza kama ni salama. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, nikaona nimeshika mdeki. Nikamwomba tutoke nje kwanza. Uani, chini ya mwarobaini, nikaelekeza mdomo juu, nikauachia mdeki uteremke ndani. Nikapitisha kidole gumba kwenye mti kutafuta mkato, ule wa juu.

Kidole kilikaa kwenye wa pili.

Askari aliponiona uso aliuliza kuna nini. Nikamweleza. Alirudi nyuma hatua tatu, akaita mkubwa wake, na wakakubaliana kwamba kwa kuwa mimi ndiye ninayelijua, mimi ndiye nilitoe, wao wakiwa nyuma ya ukuta. Nilimwaga maji kwenye chuchu kwanza, nikangoja, nikavuta kizibo kwa msumari uliopinda kwenye ncha ya mdeki. Kidonge kikateremka kiganjani kikiwa na utandu mweupe. Kisha nikaliinamisha gobole juu ya gazeti, na baruti ikatoka. Ya upande wa chuchu ilikuwa uji wa maji niliyomwaga. Ya juu yake ilichuruzika kavu, nyeusi, chembe chembe kama ulezi, kama niliyoipima jana.

Nilipoinua macho kumtafuta shemeji, nilimkuta amesimama pembeni ya gari, ameinamisha kichwa, anaangalia miguu yake.